Mkagua Reli Haendi Harusini Masika

Mjukuu wangu Neema anaendesha yale malori ya mgodini ambayo tairi moja tu linanipita kimo, nami si mfupi. Mwezi uliopita nilikuwa kwake Kalangalala, Geita mjini, nimekwenda kupimwa macho. Akarudi kutoka zamu, akaniamkia, nikaitikia, akaketi. Lakini simu haikumtoka mkononi, na uso alikuwa ameukunja kama mtu aliyetafuna mwarobaini.

"Kulikoni?"

"Babu, Rehema anaolewa Bukoba. Anataka nisafiri naye, nikae naye siku tatu kabla ya harusi. Na siku hizo niko zamu, nafasi yangu haina mtu."

"Umemjibuje?"

"Nimeweka dole gumba."

Nikamwomba anionyeshe. Kweli, chini ya maneno marefu ya Rehema kulikuwa na kidole kimoja cha njano kimesimama. Nikamuuliza maana yake nini. Akasema maana yake ameuona ujumbe. Nikamuuliza, na Rehema ataelewa nini? Hapo akaiweka simu mezani.

Vijana, dole gumba hilo nalijua. Enzi zetu halikuwa na rangi, lilikuwa la maneno: "tutaona", "nitajitahidi", "Mungu akipenda". Liliwahi kuninyang'anya rafiki kwa zaidi ya mwaka, na wala sikuwa mtoto. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na ajira. Yale niliyomwambia Neema jioni ile nimeona niwaandikie na ninyi wengine, maana najua si yeye peke yake mwenye kidole hicho.

Kazi yangu ilikuwa kutembea. Nilikuwa mkagua njia ya reli, kwenye kipande kilichoko kati ya Isaka na Shinyanga. Alfajiri, kabla treni ya kwanza haijapita, unatoka na nyundo ya mpini mrefu begani, spana, bendera mbili, nyekundu na ya kijani, na kimfuko cha michembe ya kutafuna njiani, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani. Unatembea mpaka mwisho wa kipande chako. Huko unakutana na mwenzako wa kipande cha pili, mnasalimiana, mnagawana ugoro kidogo, kisha kila mtu anarudi alikotoka huku akiangalia reli ya upande mwingine. Nikipiga hesabu ya miguu yangu naona nimefika Misri nikarudi, na wilayani sijatoka.

Watu hudhani reli inakaguliwa kwa macho. Macho yanasaidia, lakini yanachoka upesi na yanapenda kudanganya. Reli yetu ililala juu ya mataruma ya chuma, na kila taruma lilikuwa na kabari za chuma zinazoibana reli isicheze. Ukigonga kabari iliyokaza, inaita. Ukigonga iliyolegea, inakujibu "ko", kama mtu aliyeamshwa usingizini. Unaigonga mpaka iite. Masika unasikiliza na kokoto pia, kwa nyayo. Udongo wa mbuga zetu mnaujua: kiangazi unapasuka hadi mguu wa ndama unazama, masika unavimba na kuteleza. Ukiona tope jepesi linaruka juu ya kokoto kwenye maungio ya reli, ujue chini kuna maji, na kila treni inayopita inayasukuma. Na ukifika kwenye kalavati usianze upande wa chini, maji yanakomwagikia. Anza upande yanakoingilia. Huko ndiko mabua ya mtama na matawi yanakojazana, na maji yakikosa mlango huchimba mlango mwingine, chini ya reli.

Haya yote alinifundisha nyapara wetu, Mzee Ramadhani, mtu wa Tabora, mfupi, mkavu, asiyepandisha sauti. Mwaka wangu wa kwanza kulikuwa na ngoma kijijini nami nilitaka kuiwahi. Nilipofika karibu na mwisho wa kipande nikaona kalavati la mwisho kwa mbali, kavu, ni kiangazi, nikajiambia hilo nimeliona. Nikageuza. Mzee Ramadhani alikuwa amekaa mlangoni kwake.

"Umekuta nini?"

"Hakuna, mzee."

"Kalavati la mwisho?"

"Hakuna."

"Na kofia yangu?"

Alikuwa ameiacha kofia yake nyeupe ndani ya lile kalavati tangu jana yake, juu ya jiwe. Nikarudi kuifuata kwa miguu, kwenda na kurudi, na ngoma nikaisikia ikipigwa mpaka ikaisha. Nilipomkabidhi aliikung'uta, akaivaa, akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Mabula, sisi tunalipwa ili siku ipite isiwe na habari. Kwa hiyo neno lako la 'hakuna' ndilo kazi yako yote. Ukilisema bila kuangalia, huna kazi, una mshahara tu."

Tangu siku hiyo sikusema "hakuna" kabla ya kuangalia. Huo ulikuwa ujuzi wangu na nilijivunia. Sikujua kwamba kuna neno jingine nilikuwa sijajifunza kulisema, tena jepesi kuliko hilo.

Lakini msidhani kazi ilikuwa ya huzuni. Siku moja nilimkuta mama mmoja amefunga mbuzi wake kwenye reli, kamba fupi, mbuzi anakula majani ya tutani bila wasiwasi. Nikamwambia, mama, treni ikija? Akaniangalia kama mimi ndiye nisiye na akili. "Si wewe utanipigia kelele? Kwani reli si yako?" Wengine waliiba kabari wakauza chuma chakavu, na mmoja nilimkuta amezifanya mafiga. Ugali ulikuwa unachemka juu ya usalama wa abiria. Nilizichukua zikiwa za moto, na mwenye ugali akanitukana kwa Kisukuma safi mpaka nikapenda lugha ile upya.

Siku hizi mambo yamebadilika. Wakaguzi wanapita na toroli la injini, na kule kwenye reli mpya nasikia mashine inapima yenyewe na kuandika. Sinung'uniki. Ningepewa toroli hilo wakati wangu, magoti yangu leo yasingekuwa yanatabiri mvua. Lakini hata mashine ina mtu anayekaa nayo, na mtu huyo naye ana marafiki wanaooa na kuozesha.

Sasa nije kwa Luhende.

Luhende wa Samuye tulisoma naye darasa moja, tukachunga pamoja, tukachapwa pamoja. Mimi nikaenda relini, yeye akabaki na ng'ombe na mashamba. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa alinifanya baba wa ubatizo. Nilimshika mwenyewe mbele ya Padre, akanikojolea suruali, tukampa jina la Theresia. Alikua akiniita baba, bila kuongeza neno. Luhende akishona shati, nilishonewa na mimi.

Theresia akapata mchumba, kijana wa Ushirombo, wa familia ya Kikatoliki ya wakulima. Mahari ikaenda vizuri. Padre wa huko akasema ndoa ifungwe kabla ya Jumatano ya Majivu, kwa sababu Kwaresima hafungishi ndoa. Hilo lilikuwa neno la Padre, hakuna wa kulibishia. Lakini ninyi mnaoijua kalenda yetu mnaona tatizo: kabla ya Kwaresima ni masika. Na kazini kwetu kulikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote na isiyohitaji kuandikwa, kwamba masika mkagua njia haombi ruhusa. Mwaka ule tulikuwa pungufu pia, mwenzangu wa kipande cha pili alikuwa na mguu umevimba, nami nilikuwa nakagua changu na nusu ya chake.

Luhende akaja na baiskeli, amefurahi mpaka kofia imekaa upande. "Mabula, tutaondoka Ijumaa asubuhi na Fuso. Nimekuwekea nafasi mbele, pamoja na bibi harusi. Kule Ushirombo wewe ndiye utakayesema kwa niaba yetu, mimi mdomo wangu ni wa ng'ombe."

Nilijua pale pale kwamba siendi. Nilijua kabla hajamaliza. Lakini mtazameni mtu amekuja na baiskeli kwenye tope, ana meno yote nje, halafu wewe umwambie hapana? Kwetu neno hilo ni zito. Mgeni akikuuliza njia hata kama huijui unampa njia. Nikasema, "Tutaona, Baba Theresia."

Akaja mara ya pili, wiki iliyofuata. "Umeomba ruhusa?" Nikasema nitajitahidi. Mara ya tatu alimtuma mdogo wake, nikamwambia Mungu akipenda. Mungu nilimsingizia, maana yeye hakuwa ameulizwa chochote.

Mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa anasikia yote hayo akiwa jikoni. Usiku wa kuamkia Ijumaa alinikuta natafuta viatu vya kazi. "Hujamwambia?"

"Nitawahi kurudi saa nne, niwakute barabarani, niwaage na kumbariki mtoto. Wataelewa."

"Mwambie mwenzako ukweli. Luhende si kabari, kwamba utamgonga mpaka aite unavyotaka."

Mpango ulikuwa wanipitie pale barabara inapokata reli, karibu na nyumba zetu za genge la wafanyakazi wa reli. Alfajiri nikatoka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mbuga imekuwa ziwa. Nyapara, mwingine sasa, maana Mzee Ramadhani alikuwa amestaafu, aliniambia maji yakizidi nisikae nyumbani, nirudie kipande mara ya pili. Alisema yakizidi. Uamuzi aliniachia mimi.

Nilikagua kwenda, nikakagua kurudi. Kama saa nne hivi nikawa nimebakiza mwendo mfupi tu. Reli hapo imenyooka, unaona mbali. Nikaliona lile Fuso limesimama kwenye kivuko. Niliona turubai, na wanawake wa vitenge wamesimama pembeni wakiimba, na mtu mmoja katikati ya reli amejikinga macho kwa mkono anatazama upande wangu.

Nikaketi juu ya kokoto.

Nilijaribu kupanga maneno. Kila nililolipanga lilianza na "samahani" na kuishia na uso wa Theresia. Nikatazama mtaroni, maji hayakuwa yamezidi. Yalikuwa vilevile kama alfajiri. Nikajiambia yamezidi. Nikaweka nyundo begani, nikageuka, nikaanza kukagua mara ya pili.

Sikilizeni vizuri hapo. Nilikuwa na sababu ya kurudi kazini, na ilikuwa sababu nzuri. Lakini sikurudi kwa ajili ya sababu hiyo. Nilimkimbia mtu.

Walinisubiri mpaka saa nane. Mama Kulwa aliwapa chai, akawaambia alivyoagizwa, kwamba nitawahi. Luhende hakukubali waondoke. Alisema mtoto haendi bila baraka ya baba yake wa ubatizo, na mimi si mtu wa kuvunja neno. Mvua ikawakuta barabarani. Fuso likazama tope mara mbili, wanaume wakasukuma na suruali zao za harusi. Walifika Ushirombo Jumamosi, misa imekwisha kuanza, maharusi wenzao wote wamekwisha kufungishwa ndoa. Theresia alifungishwa wa mwisho, gauni jeupe lina tope mpaka magotini. Na kwenye kusema kwa niaba yetu, Luhende alisimama mwenyewe na ule mdomo wake wa ng'ombe. Mzee mmoja wa upande wa pili akauliza kwa utani kama huyo baba wa ubatizo yupo kweli au ni wa kwenye cheti. Watu wakacheka. Luhende hakucheka.

Wiki iliyofuata, jioni baada ya kazi, nilikwenda Samuye na mbuzi wa kuomba radhi. Hakunikaribisha kiti. Tulisimama zizini.

"Siku ile kazini ulikuta nini?" akaniuliza.

Nami nilikuwa nimefunzwa kutosema uongo kwenye swali hilo. Ningeweza kubuni kalavati limebomoka, ningeweza kusema nimesimamisha treni, angenisamehe pale pale na kunichinjia yule mbuzi. Nikasema, "Hakuna."

"Hakuna?"

"Njia ilikuwa salama."

"Yaani umeniachia mtoto barabarani kwa ajili ya hakuna." Akafungua zizi, akaingia kwa ng'ombe wake. Mbuzi nilirudi naye.

Iliniuma, tena iliniuma vibaya. Nimewahi kusimamia mazishi ya ndugu nikala chakula changu vizuri jioni, lakini wiki hiyo hata michembe haikupita. Na kibaya zaidi, sikuwa na la kujitetea. Daktari humwonyesha ndugu mgonjwa aliyepona. Fundi huonyesha nyumba. Mkagua njia anaonyesha nini? Treni ilipita, ndiyo. Na kila mtu anaamini ingepita tu.

Zaidi ya mwaka Luhende hakukanyaga kwangu. Tukikutana mnadani alinisalimia kama karani. Mama Theresia alikuwa akinitumia maziwa kwa siri, na chupa nilizirudisha kwa siri. Habari za Theresia nilizisikia kwa watu: ana mimba, amejifungua, mtoto wa kike.

Masika yaliyofuata, alfajiri moja, natoka na nyundo yangu, nikamkuta mtu amesimama mlangoni na baiskeli. Ni Luhende. Ameloa, amevaa katambuga zake za tairi, hana kofia.

"Mwangaluka," akaniamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Baba Theresia. Kuna nini? Msiba?"

"Barabara ya kutoka Isaka imekatika. Theresia anakuja kutuonyesha mtoto. Wameniletea habari jana kwamba leo atapanda treni Isaka." Akaitazama reli. "Nimekuja kuiona hiyo hakuna yako."

Nikampa bendera abebe. Tukaanza kutembea.

Mwanzo alitembea nyuma yangu kimya, kama mtu aliyekuja kuhakikisha wizi. Mimi nikagonga, kabari ikaita, nikasogea. Baada ya mwendo kidogo akauliza hiyo sauti maana yake nini, nikamweleza. Nikaipata moja iliyolegea, nikamwambia asikilize. Ikajibu "ko". Nikaigonga mpaka ikaita. Luhende akainama akaishika kwa mkono.

"Hii ingeachwa?"

"Moja si kitu. Lakini hiyo moja huwa haikai peke yake."

Basi nilikuwa nimejiletea balaa. Kuanzia hapo hakunipa nafasi ya kupumua. "Gonga tena hapo." Nagonga. "Hiyo imeita kidogo, gonga tena." Nagonga tena. Tukifika kwenye maungio anapiga magoti kwenye kokoto, mzee mzima, anachungulia tope. Kwenye kalavati la kati maji yalikuwa ya kunifika kiunoni. Niliingia upande wa juu nikaanza kuvuta mabua. Nikasikia kishindo nyuma yangu. Ameruka na katambuga zake, anavuta na yeye. Maji ya mbugani aliyajua kuliko mimi. Alinionyesha mahali yalipoanza kujizungusha kwa kuchimba ukingo, tukapanga mawe pale mpaka yakatulia. Nimefanya kazi na wakaguzi wa daraja la kwanza, sijawahi kuona mwenye wasiwasi kama yule mchunga ng'ombe.

"Una hakika?" aliniuliza tulipotoka majini.

"Nina hakika na nilichokiangalia."

"Basi turudi tukaangalie tena kule nyuma."

"Luhende, treni ina saa yake."

Tulimaliza kipande, tukarudi kwa upande wa pili wa reli, na tulipofika kivukoni ikasikika honi kwa mbali, upande wa Isaka. Tukasimama kando. Nikachukua bendera ya kijani kutoka mkononi mwake, lakini kabla sijaikunjua nikamgeukia.

"Na wewe umekagua. Umekuta nini?"

Aliitazama reli yote ile iliyonyooka mpaka inapopotelea. "Hakuna," akasema. Halafu tena, kwa sauti ya mtu anayesali: "Hakuna, bwana. Namshukuru Mungu, hakuna."

Nikaikunjua bendera. Treni ikapita polepole, maana pale kuna kivuko, behewa moja baada ya jingine, na kwenye dirisha la behewa la nne nikamwona Theresia. Alituona. Akamwinua mtoto, kimtoto kimefungwa kofia ya sufu, akakiweka kwenye kioo tukione. Luhende hakupunga mkono. Alikuwa anatazama magurudumu. Aliyatazama mpaka la mwisho likavuka.

Kisha akaketi chini kwenye nyasi zilizoloa. Nami nikaketi.

"Kazi yako nimeiona," akasema. "Nilikosea kuiita vile."

Ningeweza kuishia hapo. Mtu amekusamehe, chukua ushike adabu yako. Lakini nilikuwa nimelibeba zaidi ya mwaka. Nikamwambia, "Siku ile sikubaki kwa sababu ya kazi tu. Niliwaona. Nilikuwa pale karibu, nikaona Fuso, nikakaa chini, nikageuka. Tangu ulipokuja na baiskeli mara ya kwanza nilijua siendi. Niliogopa kukuambia hapana."

Hakushtuka. Aling'oa jani moja la nyasi akalitafuna.

"Mimi nachunga ng'ombe, Mabula. Mnyama wangu namjua mbali kuliko reli hii. Niliona mtu mwenye nyundo begani ameketi, kisha amegeuka. Mama Theresia akasema yule ndiye. Nikamwambia si yeye. Nikawaambia wote, si yeye, Mabula hawezi kutuona akageuka, tusubiri." Akatema lile jani. "Ndiyo maana nilisubiri mpaka saa nane."

Nililia, vijana. Nilikuwa na watoto wanne na nikalia barabarani mchana kweupe, bendera mkononi. Luhende aliniacha nimalize.

"Ungesema hapana siku ile ile," akaniambia, "ningekutukana kidogo, ningekunywa chai yako, ningetafuta msemaji mwingine. Tungeondoka asubuhi, kabla mvua haijaturudia. Kazi haikuniudhi. Ng'ombe wangu nao hawana siku ya mapumziko, ningeelewa."

Tukakaa kidogo. Kisha akasimama, akakung'uta suruali, akaishika baiskeli yake. Ilikuwa lazima awahi stesheni Shinyanga kumpokea mtoto. Alipokwisha kupanda, akaweka mguu mmoja chini.

"Huyu mjukuu tunataka abatizwe hapa kwetu, Jumapili ya tatu kuanzia leo. Theresia amesema lazima uwepo. Tutakutana Samuye asubuhi, twende pamoja kanisani. Utakuja?"

Nilimtazama. Alikuwa na meno yote nje, kama siku ile ya kwanza. Nikatazama mbingu upande wa magharibi, nyeusi tii. Neno lile la zamani lilikuja lenyewe mpaka kwenye ulimi, "tutaona", laini, lenye adabu. Nikalimeza.

"Siwezi," nikasema. "Ni masika. Siji."

Luhende alinitazama, akaitazama ile mbingu nyeusi. Kisha akaanza kucheka, taratibu, mpaka baiskeli ikayumba.

"Basi," akasema, "tutambatiza kiangazi."

Akakanyaga pedali akaenda zake. Padre alimgombeza kwa kumchelewesha mtoto, na Luhende akamjibu kwamba familia ina mtu mmoja anayefanya kazi ya mvua. Mtoto alibatizwa mwezi wa saba, jua kali, vumbi tupu. Nilifika Samuye kabla yao wote kuamka.